Ng'ombe Watatu wa Soy

Gerishon Mungai alikuwa na ugonjwa ambao hakuna bima iliyowahi kuulipia: hakuweza kuonekana hana. Angelala njaa bila kunung'unika, mradi jirani asijue. Katika duka lake la vifaa vya ujenzi pale mtaa wa Langas, Eldoret, rafu za juu zilijaa mikebe ya rangi iliyopangwa vizuri, nyekundu huku, kijani kule, na yote ilikuwa mitupu. Wateja walidhani duka limeshiba. Mkewe, Kabura, ndiye aliyeipangusa vumbi, na kila alipoinua mkebe akausikia mwepesi mkononi, alimeza neno. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Huyo mhenga lazima aliwahi kununua misumari Langas.

Kabura naye alikuwa na ugonjwa wake, na huo ulikuwa wa kweli. Tangu mwaka uliotangulia damu yake ya mwezi ilikuwa imesahau njia ya kurudi. Ikija, inakaa. Alikuwa akivaa sketi nyeusi hata kanisani, na akiketi kwenye kiti cha mtu anatandika leso kwanza. Daktari wa hospitali ya umma alimpima akamwambia ana uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Si uvimbe wa kuua, alisema, lakini ukiachwa utammaliza damu.

"Ni upasuaji, mama. Si lazima iwe kesho, lakini pia usilale nao. Uko na bima?"

Hakuwa nayo. Kadi yao ya zamani ilikuwa imekufa serikali ilipoleta mpango mpya, na katika mpango huo kila nyumba ilitakiwa kujiandikisha upya. Mwenye mshahara hukatwa kwenye mshahara. Asiye na mshahara, kama Gerishon na duka lake, huulizwa maswali: paa lako ni la nini, unapikia nini, una mifugo mingapi. Majibu yanaingia kwenye simu, na simu inakisia una uwezo gani na kukutajia ada ya mwaka mzima, ya kulipwa kwa mkupuo mmoja. Ukishalipa, mlango wa hospitali umefunguka.

Mtu wa kuuliza maswali hayo katika ploti yao ya vyumba vya kukodi alikuwa Rosebella, mhudumu wa afya wa kujitolea aliyekaa chumba cha tatu kutoka kwao. Kabura alimbembeleza wiki nyingi. Rosebella alikuwa na Langas nzima ya kuandikisha, leo huku, kesho kule, hata Jumamosi moja akapata nafasi, akabisha hodi. Na hiyo ndiyo Jumamosi ambayo haikufaa.

Siku hiyo wakwe walikuwa wamekuja. Ciru, binti yao mkubwa, alikuwa amempata kijana mpole anayeitwa Isaiah, fundi wa kompyuta mjini, na sasa wazazi wa Isaiah walikuwa wamefika kwa mara ya kwanza kutoka kwao Chepkoilel. Wakikuyu huiita siku hiyo kumenya mucii, yaani kuja kulijua boma. Mwalimu Opondo, mzee mrefu aliyestaafu ualimu, alikuwa ameketi kwenye kochi magoti yakimfika kifuani. Mkewe, Tryphosa, alikuwa amebeba mkoba wa kahawia mapajani. Wote wawili walikuwa wametoka choo cha nje, kile cha shimo kinachotumiwa na ploti nzima, na walikuwa wamekipongeza kwa usafi.

Rosebella alipoona wageni alirudi nyuma. "Pole, Mama Ciru. Sikujua. Nitakuja siku ingine."

Kabura angemwacha aende, lakini hakujua siku nyingine hiyo ingekuwa lini, na tangu asubuhi alikuwa akishikilia meza kila alipoinuka. Alisimama pale mlangoni, kitasa mkononi. Gerishon akamsemea.

"Ingia, Rosebella, ingia! Hawa ni wakwe, si wageni. Uliza tu, sisi hatuna siri."

Mtu anayesema hana siri ndiye wa kuogopwa. Rosebella aliketi kwenye stuli, akatoa simu yake.

"Hii nyumba ni ya kukodi ama ni yenu?"

"Yetu," Gerishon alisema.

Rosebella alimtazama. Yeye na Gerishon walilipa kodi kwa mwenye nyumba mmoja, na mwezi uliopita walikuwa wamepiga foleni pamoja kuomba waongezewe muda. Lakini mkuu wa nyumba ndiye msemaji, na kazi yake yeye ni kuandika. Akaandika.

"Choo?"

"Weka cha ndani." Gerishon alimkumbuka Mwalimu na choo cha nje, akaongeza haraka, "Kinajengwa."

"Mnapika na nini?"

"Gesi."

Mtungi wa gesi ulikuwepo, pale pembeni, umefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake maua ya plastiki. Haukuwa umeona gesi tangu Pasaka. Moshi wa jiko la makaa, ambako kuku wa wageni alikuwa akiiva, uliingia taratibu kupitia mlangoni ukawapitia wote usoni. Hakuna aliyekohoa. Watu wana adabu zao.

"Nyama mara ngapi kwa wiki?"

"Aa, nyama ni kutaka tu."

"Mifugo?"

Hapo Gerishon alijinyoosha. Binti wa nyumba yenye ng'ombe hatolewi kwa bei ya kuku, na kila mzazi aliyeketi pale alilijua hilo. "Ng'ombe tatu. Za gredi, za maziwa. Ziko Soy, kwa shamba yetu."

Shamba la Soy lilikuwepo. Lilikuwa robo ekari, na lilikuwa la Kabura. Alilinunua kwa pesa za chama cha wanawake wauza viazi, mzunguko baada ya mzunguko, miaka ambayo Gerishon alikuwa akinunua mikebe mitupu. Kabura alikuwa na ndoto ya kujenga huko vyumba viwili, ahame moshi na kelele za Langas. Na ng'ombe watatu walikuwepo pia. Walikuwa wa Kipkirui, jirani wa huko Soy, aliyekodi majani kwa kuwapa chupa ya maziwa kila wakienda.

Kabura alifungua mdomo. Ciru, aliyekuwa amesimama na sinia ya chai, alimtazama mama yake kwa macho ya kuomba, na Kabura akaufunga.

"Kwa mwezi unaingiza kama ngapi, Baba Ciru?"

"Mwezi mbaya ama mzuri?" Gerishon alicheka, akawatazama wakwe. "Weka laki moja. Biashara ni kupanda na kushuka."

Kitu kikabonyezwa, nambari ya kuthibitisha ikaja kwenye simu ya Gerishon kama mkuu wa nyumba, akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi. Rosebella akaaga. Kuku akaletwa. Mwalimu Opondo alimsifu Kabura kwa mchuzi na hakusema lolote kuhusu ng'ombe.

Ada ilikuja kabla wageni hawajafika barabarani. Elfu thelathini na tatu kwa mwaka.

Jioni hiyo Kabura hakupiga kelele. Aliketi kitandani akasema polepole, "Mwite Rosebella arudie. Amenieleza majibu yanaweza kurekebishwa. Jirani yetu wa chumba cha mwisho anauza mboga, amewekewa mia tatu kwa mwezi. Sisi na yeye tuko na tofauti gani?"

"Nirudie niseme nini? Kwamba nilidanganya mbele ya wakwe? Na huo mdomo wa Rosebella uko na mlango?"

"Baba Ciru, mimi natoka damu."

"Najua. Nani amesema usitibiwe? Niachie mimi, nitapata kitu ya maana."

Bila nambari inayoingia kwenye simu ya Gerishon, Rosebella hangeweza kubadilisha hata herufi. Kabura alilijua hilo. Alimchukia mumewe usiku huo, chuki ya wazi, na asubuhi akampikia uji.

Kitu cha maana kilikuja kwa jina la Maurice. Alikuwa wakala wa kampuni moja ya bima ya binafsi, kijana mwenye tai na mkoba, mwenye tabia ya kumwita kila mtu bosi. Aliingia dukani, akazitazama rafu za juu, akasema, "Bosi, hii stoki yako si mchezo." Hapo alikuwa ameshauza.

Alitandaza karatasi zenye picha juu ya meza. Chumba cha peke yako. Daktari wa kuchagua mwenyewe. Chai kwenye kikombe chenye sahani. Baba, mama na watoto, yote kwa elfu thelathini na nane.

Gerishon alikuwa mtu wa hesabu, na alilinganisha bima kama anavyolinganisha saruji. "Angalia hapa, Mama Ciru. Ya serikali ni thelathini na tatu. Hii ni thelathini na nane. Tofauti ni elfu tano peke yake. Kule unapanga laini na Eldoret yote, hapa unaitwa madam. Sasa hata mtoto si angejua achague gani?"

Mizani haina kosa ikiwa jiwe umeliweka mwenyewe upande mmoja. Kabura alikuwa nyuma ya kaunta, akimpimia mteja misumari. Alisema, "Ya serikali yetu si thelathini na tatu. Hiyo ni ya mwenye ng'ombe."

Mteja aligeuka kumtazama. Gerishon akacheka kwa nguvu. "Mke wangu anapenda mzaha."

Maurice aliendelea na kazi yake. Kusema haki, aliuliza. Kijana wa watu aliuliza waziwazi, na wala hakunong'ona: "Bosi, kuna mtu ako na ugonjwa wowote nyumbani? Kwa sababu ugonjwa wenye uko tayari unangoja mwaka moja ndio kava ianze kuulipia. Mpya ndio tunalipia sasa."

Mteja wa misumari alikuwa bado pale, anahesabu sarafu zake taratibu kama anayetaka kusikia jibu. Gerishon aliinua kidevu.

"Nyumba yangu haina mgonjwa."

Kabura alikuwa umbali wa hatua mbili, mkono mmoja kwenye mizani na mwingine umejishikilia tumbo. Angeweza kusema hapo. Miezi iliyofuata alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema, na jibu lilikuwa lile lile la kumtia uchungu: miaka ishirini na mbili ya ndoa alikuwa amefunzwa kunyamaza mbele ya watu, na funzo lilikuwa limeiva. Pesa ya bima ilitoka kwenye akiba ya duka. Kadi zikaletwa, za plastiki ngumu, zinang'aa. Gerishon aliweka yake kwenye mfuko wa shati, nembo ikichungulia nje.

"Ngoja tu mwaka uishe," alimwambia faraghani. "Mwaka ni nini? Ukienda hapo tutasema ulianza kuumwa juzi."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kama si kifo, ni ndugu yake wa karibu. Damu ilikuja siku ya soko, Kabura akiwa anapanga mabomba nyuma ya duka. Safari hii haikuja kama damu ya mwezi, ilifunguka kama mfereji. Ciru alimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye magunia ya saruji, akijaribu kufuta na kitambaa cha vumbi.

Gerishon alipokuja mbio alikuwa ameshika kadi mkononi. Hawakwenda hospitali ya umma. Wakaenda kwenye ile yenye maua getini, na kweli, Kabura aliitwa madam. Alipewa chumba, akawekewa damu. Daktari, mwanamke mdogo mwenye sauti ya chini, aliinama karibu naye.

"Madam, hii shida ilianza lini?"

Gerishon alikuwa amesimama upande wa miguu ya kitanda. Alikohoa. Kabura alimwona akikohoa. Lakini alikuwa amechoka, na daktari alikuwa na uso mwema, na mtu anayeulizwa swali na anayetaka kumponya hujibu.

"Mwaka jana," Kabura alisema. "Hata nilishapimwa."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumba hiyo kuulizwa kuhusu afya yake na kusema kweli, na kweli hiyo ikawatoza. Hospitali iliuliza kampuni, kampuni ikataka kujua ugonjwa una umri gani, hospitali ikasema, na kampuni ikakataa kulipa. Maurice alipopigiwa simu alisikika mnyonge kabisa. "Bosi, mimi nilikuuliza. Si nilikuuliza?"

Kwa kukawia huko, uvimbe haukuweza kutolewa peke yake. Walitoa mfuko wote. Kabura alikuwa na miaka arobaini na minne na hakuwa akitafuta mtoto, lakini alilia alipoambiwa. Alilia kwa hasira. Hata nyumba ya kukodi hubomolewa kwa taarifa, na yeye mwili wake ulibomolewa kwa sababu mwanamume fulani alitaka kusikika ana choo cha ndani.

Bili ilisimama getini kama askari. Hospitali haikumruhusu kutoka. Duka lilipopekuliwa likaonekana lilivyo: ukiondoa mikebe mitupu, kulikuwa na mabati machache na misumari ya kutosha jeneza moja. Gerishon alikuja kuketi kando ya kitanda, kofia mkononi, akasema kitu ambacho Kabura alikuwa ameshakijua tangu juzi.

"Kuna ile robo ya Soy."

Kipkirui ndiye aliyeinunua. Alikuwa ameyataka majani hayo yawe yake siku nyingi, na mgonjwa hana muda wa kuvutana bei. Kabura alitia sahihi kitandani, sindano ikiwa bado kwenye mshipa wa mkono huo huo. Kipkirui, mtu mstaarabu, alimletea maziwa.

Alipopata nguvu ya kuketi nje juani, wakwe walikuja kumpa pole. Walileta unga, sukari, na kitenge Tryphosa alichokuwa amekinunua mwenyewe. Walikuwa wamemaliza tu kuomba dua ndipo Rosebella akatokea na simu yake. Kabura ndiye aliyemwita. Daktari alikuwa amemwambia atahitaji kuonekana mara kwa mara, na kadi ya plastiki sasa haikuwa na kazi ila kukwangulia masizi.

Gerishon aliruka. "Rosebella, leo si siku mzuri. Unaona kuna wageni."

"Hawa si wageni," Kabura alisema. "Ni wakwe. Uliza tu, Rosebella. Sisi hatuna siri."

Gerishon akaketi.

"Nyumba?"

"Ya kukodi," Kabura alisema.

"Choo?"

"Ni kile chako na mimi."

"Mnapika na nini?"

"Makaa. Hiyo mtungi unaweza kubeba ukitaka."

Rosebella aliandika bila kuinua kichwa. "Mifugo?"

Kabura alimtazama mumewe na safari hii hakumsemea. Alitaka kulisikia likitoka mdomoni mwake. Gerishon alivuta pumzi, akawatazama wakwe, akashindwa hata hapo, hata baada ya yote.

"Zile ng'ombe tatu," alisema, "tuliuza juzi. Kwa sababu ya hospitali."

Mwalimu Opondo aliweka kikombe chini. Hakuwa na kebehi usoni, na ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Mzee Mungai, mimi nimefundisha Soy miaka kumi na tisa. Watoto wa Kipkirui wote wamepita mikononi mwangu. Zile ng'ombe nazijua hata kwa majina. Siku ile tukitoka hapa tulicheka na mama Isaiah barabara yote. Tulisema, huyu mzee anapenda binti yake, anataka aheshimiwe. Hatukuona ni kitu kubwa. Kumbe kulikuwa na mgonjwa?"

Hakuna aliyedanganyika. Kabura aliligeuza hilo kichwani. Wakwe walijua, Rosebella alijua, Ciru alijua, yeye mwenyewe alijua. Uongo wote ule, uliomla tumbo na shamba, haukumwingia mtu hata mmoja. Uliiingia ile simu tu.

"Andika hakuna," alimwambia Rosebella.

"Na shamba?"

"Hakuna."

Simu ya Gerishon ililia nambari ya kuthibitisha, akaisoma kwa sauti ya chini. Baada ya kitambo ikalia tena. Aliutazama ujumbe, akauleta karibu na macho, na Kabura akaona uso wake ukianza kufunguka kidogo kidogo.

"Mama Ciru! Wametuweka ile ya chini kabisa. Mia tatu kwa mwezi!" Alikuwa amesimama. "Kutoka elfu thelathini na tatu! Si hapo tumeokoa karibu elfu thelathini?"

Kabura alikuwa amekiweka kile kitenge mapajani, juu ya mshono, na mkono wake ulikuwa umelala hapo.

"Mwalimu, hebu angalia," Gerishon alisema, akimsogelea mkwe wake, simu mkononi, kifua mbele. "Langas hii yote, sidhani kuna mtu amepewa bei kama hii." Akampa Mwalimu asome, kisha akampa Tryphosa.